Kusajiliwa au Kuandikishwa?

Kila anayesoma katika kitivo chetu anaijua kazi hii isiyo na mshahara. Karatasi ya ubalozi, maelezo ya dawa, fomu ya benki: jirani anapiga hodi, "Wewe si unasoma lugha? Tusomee." Ukimweleza kwamba unasoma isimu ya lugha za Kiafrika, na kwamba mwaka mzima umeshinda ukihesabu ngeli za Kibembe, hujamsaidia kitu. Kwake lugha ni lugha. Mwaka jana zamu yangu ilikuwa barua ya kocha.

Mama mdogo wangu anaishi Ohio. Aliondoka Fizi mwaka 1996 akiwa msichana, akavuka ziwa, akakaa katika kambi ya Nyarugusu, mkoa wa Kigoma, miaka mingi kuliko ile aliyokuwa amekaa kwao. Huko aliolewa, huko alizaa. Mtoto wake wa tatu, ambaye kwetu ni mdogo wangu (neno "binamu" tunaliachia vitabu), alifika Marekani akiwa na miaka minane. Sasa ana kumi na saba, na anakimbia. Anakimbia mbio za nyika, kilomita tano kwenye majani na matope, na anakimbia vizuri hata majina ya makocha yameanza kuingia katika simu ya mama yake. Mama alipopata uraia, mtoto naye aliupata papo hapo kwa sababu alikuwa hajafikisha miaka 18. Bila uraia huo ninayoyaeleza yasingetokea.

Barua ilikuwa fupi. Kocha wa chuo fulani alisema ameona muda wa kijana, amefurahi, na angependa kumwingiza katika orodha yake. Neno alilotumia, mara nne katika aya tatu, ni lile la Kiingereza ambalo Wafaransa pia wanalo: kurekruta, tungesema mitaani. Nikachukua simu, nikamtumia mama mdogo ujumbe wa sauti: "Mama, furahi. Kocha anataka kumsajili mtoto."

Akafurahi kweli. Kwa watu wetu kusajiliwa ni neno la heri. Ni Mazembe kumchukua kijana wa mtaani, ni picha na jezi mpya. Alitangaza kanisani. Na ni pale kanisani, mbele ya watu, mzee mmoja alipomwambia kwamba chuo hicho kinafundisha maofisa wa jeshi. Usiku huohuo simu yangu ililia. Hakunisalimu. "Mwanangu, wewe uliniambia kusajili. Mbona hawa ni askari? Wanamsajili au wanamwandikisha?"

Nilinyamaza. Mwanamke huyu alikimbia bunduki kwa miguu. Sikutaka kumpa jibu la mwanafunzi. Lakini swali lake lilikuwa swali sahihi kabisa la isimu, na pia la siasa, na tangu siku ile sijalipata jibu la neno moja. Makala hii imetokana na swali hilo.

Tuanze na neno, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi yetu. Kiswahili kimetenga mambo mawili. Mchezaji husajiliwa. Askari huandikishwa, na akiwa bado mpya kambini huitwa kurutu. Hakuna gazeti la michezo litakaloandika kwamba Simba au Vita Club imepata makurutu watatu, msomaji angecheka. Kiingereza hakikutenga. Neno lao lilitoka Ufaransa katika karne ya 17, kutoka kitenzi chenye maana ya kukua tena, kama mti uliokatwa ukachipua: jeshi lililopunguzwa na vita linachipua kwa watu wapya. Michezo ikaliazima baadaye kutoka jeshini. Kisha vyuo vya kijeshi vyenyewe vikaanza kutafuta wachezaji, na neno likarudi nyumbani likiwa limevaa jezi. Kwa hiyo mama mdogo alipouliza, hakuwa ameshindwa kuelewa Kiingereza. Aliona mshono ambao Kiingereza kimeuficha.

Sasa, vyuo vyenyewe. Marekani ina vyuo vitano vya shahada vinavyomilikiwa na serikali kuu kwa ajili ya maofisa. West Point, cha jeshi la nchi kavu, kilianzishwa 1802. Annapolis ni cha jeshi la majini, 1845. Chuo cha jeshi la anga kiko Colorado Springs na kiliundwa kwa sheria ya 1954. Viwili vidogo zaidi ni cha walinzi wa pwani huko New London na cha mabaharia wa meli za biashara huko Kings Point. Mwanafunzi halipi ada. Tena katika vile vitatu vikubwa analipwa posho kila mwezi. Akimaliza anakuwa afisa, na katika vile vitatu vikubwa anawiwa na serikali angalau miaka mitano ya utumishi. Katika vitatu hivyo ni lazima awe raia, na siku anapoingia awe na miaka 17 au zaidi na asiwe amepita 23.

Mlango wake ni wa ajabu, na mimi naupenda. Ukiacha New London, huwezi kuingia bila kupendekezwa. Kila mbunge na kila seneta ana haki ya kuwa na vijana watano kwa wakati mmoja katika chuo, kwa hiyo kila jimbo, hata lile la wakulima watupu, lina kiti chake. Rais ana nafasi zake 100 kwa mwaka kwa watoto wa wanajeshi. Nia ya sheria ni kwamba maofisa watoke nchi nzima, wasitoke katika mitaa ya matajiri tu. Sisi Wakongo, tunaojua uchungu wa jeshi linaloonekana kuwa la watu fulani, tunaweza kuelewa hekima ya mpango huo bila kufundishwa.

Baada ya pendekezo, chuo kinapima. West Point hutumia kitu ninachokiita, kwa kukosa bora, alama ya mtahiniwa mzima: asilimia 60 masomo, asilimia 30 uongozi, asilimia 10 mwili. (Mzima kwa Kiswahili ni mwenye afya, na mtu mzima ni aliyekomaa; tafsiri imependeza kuliko asili yake.) Mtihani wa mwili kwa miaka mingi umekuwa na mazoezi sita, na moja kati yake ni kupiga magoti na kurusha mpira wa kikapu mbali iwezekanavyo. Mama mdogo alipomwona mwanawe amepiga magoti uani, mpira mkononi, aliniuliza kama hiyo ni sala.

Ukiangalia kwa makini, hesabu hiyo imeshaipa michezo nafasi mbili. Ya kwanza ni ile asilimia 10. Ya pili imo ndani ya uongozi, kwa sababu nahodha wa timu ya shule anapata alama za uongozi kama anavyopata kiranja au kijana wa skauti. Wala sina ugomvi na hilo. Afisa asiyeweza kukimbia ni mzigo kwa askari wake. Na kwa kweli wanafunzi walio wengi kabisa katika vyuo hivi walicheza katika timu za shule zao za sekondari. Douglas MacArthur, alipokuwa mkuu wa West Point kati ya 1919 na 1922, baada ya kuona vita vya Ulaya kwa macho yake, aliamuru kila mwanafunzi acheze. Lengo lake lilikuwa afisa mwenye mwili wa mwanamichezo, awe amezaliwa na kipaji au la.

Lakini hapo hatujafika kwa kocha. Mlango wa kocha ni wa tatu.

Vyuo vitatu vikubwa vinashindana katika daraja la juu kabisa la michezo ya vyuo vikuu vya Marekani, pamoja na vyuo vyenye wanafunzi elfu thelathini au arobaini. Vyenyewe vina elfu nne na kidogo kila kimoja. Mchezo wa futiboli kati ya West Point na Annapolis ulianza 1890, na hutazamwa na nchi nzima. Mwaka 2024 West Point ilijiunga na ligi mpya na ikachukua ubingwa wake mwaka huohuo. Timu ya namna hiyo haipatikani kwa kungoja nani ataleta maombi. Kocha anazunguka, anatazama, anaandika orodha. Chuo kingine kingemvuta mchezaji kwa skolashipu. Chuo cha kijeshi hakiwezi, kwa kuwa wote wanasoma bure. Kitu pekee ambacho kocha anaweza kumpa kijana ni kiti chenyewe.

Hapo ndipo mambo yanapogeuka, kwa maana kiti ni mali ya umma. Kocha hana kura ya mwisho, hilo ni kweli; kijana bado anahitaji pendekezo, afya na alama za kutosha kutangazwa kuwa amefuzu. Lakini kufuzu ni jambo moja na kuchaguliwa ni jingine. Zipo barua za mapema zinazomhakikishia kijana anayetakiwa kwamba, akipata pendekezo na akipita kwa daktari, nafasi ni yake. Mkuu wa chuo ana mapendekezo yake 50 kwa mwaka. Kuna viti vinavyojazwa mwishoni, ambapo chuo kina uhuru mkubwa zaidi wa kuchagua miongoni mwa waliofuzu. Na kwa yule ambaye masomo yake hayajafika, kuna shule za maandalizi za mwaka mmoja: ya jeshi la majini iko Newport, ya nchi kavu ililetwa West Point penyewe mwaka 2011, ya anga iko Colorado Springs. Shule hizo zinawasaidia askari wa kawaida waliotoka vikosini na vijana wa shule dhaifu. Pia zinawasaidia wachezaji wa makocha.

Mtu aliyelipigia kelele jambo hili kuliko wengine ni mwenzetu wa fani. Bruce Fleming alianza kufundisha Kiingereza huko Annapolis mwaka 1987. Alikaa katika kamati inayosoma maombi, kisha akaandika magazetini, mwaka baada ya mwaka, kwamba chuo kinawapokea wachezaji, na makundi mengine kinayoyataka, kwa kipimo cha chini, huku kikiwatangazia watu kwamba kinachukua walio bora tu. Mwaka 2018 alifukuzwa kwa malalamiko mengine, ya mwenendo wake darasani, na 2019 jaji akaamuru arudishwe. Sikubaliani naye katika mengi. Ana dharau fulani, kama ya mwalimu anayesahihisha insha na kudhani ameisahihisha roho ya mwanafunzi. Lakini hakukaa mbali akikisia, alisoma mafaili. Na hoja yake moja haijibiwi kwa kumchukia aliyeisema: ukitumia vipimo viwili, useme ni viwili.

Upande wa pili una watu wazito. Eisenhower alicheza futiboli West Point mpaka goti lilipomkatalia mwaka 1912. Bradley, wa darasa lilelile la 1915, alicheza besiboli. Hao walikuja zama ambazo makocha hawakuwa na orodha kama za leo, kwa hiyo sitawahesabu sana. Mfano mgumu kwangu ni Roger Staubach. Kijana huyu aliitwa kwa ajili ya mpira. Alama zake za Kiingereza zilikuwa chini (wenzangu wa idara ya Kiingereza, tulieni), basi akapelekwa kwanza mwaka mmoja New Mexico Military Institute, ndipo akaingia Annapolis. Mwaka 1963 akapata tuzo ya mchezaji bora wa vyuo vyote. Kisha akatumikia miaka minne, mmoja wake Vietnam, wakati angeweza kuwa anakusanya pesa. Alianza kucheza kwa malipo akiwa na miaka 27. Kipimo cha kawaida kingemwacha nje mwaka ule. Nani atasema jeshi lilipoteza?

Kwa hiyo sidai mlango wa kocha ufungwe. Nilipoanza kuandika nilikuwa naelekea huko, na Staubach amenizuia.

David Robinson ananirudisha nyuma tena nusu hatua. Aliingia Annapolis kama kijana mrefu, akaendelea kurefuka hadi mita 2.16, akawa mchezaji wa kikapu bora wa vyuo. Alipomaliza 1987 hakuweza kutumikia katika meli kwa urefu wake; akatumikia miaka miwili badala ya mitano, akaenda San Antonio. Hakumdanganya mtu, na miaka yake miwili aliifanya kwa heshima. Lakini swali lilibaki wazi: chuo kilikuwa kinatengeneza nini? Tangu hapo serikali imevuta kamba huku na huku. Mwaka 2019 Rais Trump aliagiza wahitimu wenye kipaji waruhusiwe kwenda kwanza kwenye michezo ya malipo na kutumikia baadaye. Mwishoni mwa 2022 Bunge likaandika sheria ya kukaza tena. Nchi haijaamua kama yule kijana amesajiliwa au ameandikishwa. Mama mdogo yuko pamoja na Bunge la Marekani katika kutoelewa.

Kuna pia gharama isiyoonekana katika alama. Mwaka 1951 West Point iliwafukuza wanafunzi 90 kwa kupeana majibu ya mitihani kinyume cha sheria yao ya heshima. Wengi walikuwa wa timu ya futiboli, na mmoja alikuwa mtoto wa kocha mwenyewe, Red Blaik. Mwaka 2020, mitihani ilipofanyika kwa mbali wakati wa korona, zaidi ya 70 walishtakiwa kwa kunakili hesabu. Wengi wao tena walikuwa wanamichezo. Ningekuwa mtu wa pupa ningesema wachezaji ni waongo. Sisemi hivyo. Ninachokiona ni kijana aliyeletwa kwa ajili ya Jumamosi, anayefanya mazoezi saa nyingi, kisha anakalishwa kwenye hesabu zilezile na mwenzake aliyeletwa kwa ajili ya hesabu. Aliyemweka hapo alijua.

Naja sasa kwenye jambo linalonigusa mimi, na msomaji ana haki ya kujua nina upande. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani ilipopiga marufuku vyuo vikuu kutazama rangi ya mwombaji, iliviacha pembeni vyuo vya kijeshi bila kuamua. Kesi zikafunguliwa dhidi ya West Point na Annapolis. Kufikia 2025 serikali yenyewe ilikuwa imeviondolea vyuo hivyo ruhusa ya kutazama rangi, kwa hoja kwamba afisa achaguliwe kwa ustahiki peke yake. Kesi zile zilihusu rangi. Orodha ya kocha haikuguswa. Neno ustahiki lilipita juu yake kama maji juu ya jani la muhogo.

Mdogo wangu ni mweusi, amezaliwa kambini, Kiingereza chake kizuri kinanusa Kiswahili cha Fizi, na alama zake za masomo ni za kijana aliyeanza darasa la tatu bila kujua lugha ya mwalimu. Mlango uliomwita kwa jina ni wa miguu yake. Je, mimi, nikiwa hapa, nimwambie asipite kwa sababu haki kamilifu haijafika? Kama kuna njia ambayo mtoto wa mkimbizi anaweza kusoma uhandisi bure na kuwa afisa katika nchi iliyompokea, nataka aipite. Nimesema nina upande.

Ila nataka aipite akijua ni mlango gani. Hapo ndipo ninapolaumu, na lawama yangu ni ya lugha zaidi kuliko ya hesabu. Chuo kikiandika kwamba mwaka huu kimepokea vijana elfu moja na mia mbili, na kwamba karibu wote ni wanamichezo, kinaweka katika neno moja msichana aliyecheza voliboli kijijini kwao kwa kupenda na kijana aliyefuatwa na kocha miaka miwili. Hao wana historia tofauti, njia tofauti, mara nyingi alama tofauti. Kiswahili kingewatenga bila taabu: mwanamichezo, na mchezaji aliyesajiliwa. Chuo cha umma kingepaswa kutangaza kila mwaka ni wangapi waliingia kwa orodha ya kocha, alama zao zikoje, wangapi walimaliza, wangapi bado wako jeshini baada ya miaka kumi. Kama wakina Staubach ni wengi, takwimu zitawatetea kuliko hotuba yoyote. Na wale vijana wenyewe wangepumua. Hakuna kitu kinachomchosha mtu kama kukaa darasani miaka minne huku wenzake wakinong'ona jinsi alivyoingia, bila karatasi yoyote ya kuwanyamazisha.

Mtaniambia kwetu ni mbaya zaidi. Najua. Katika oditwari zetu kila mmoja anamjua mtu ambaye asilimia zake za Exetat zilipata miguu baada ya simu ya mkubwa fulani, na sisi hatuna hata timu ya kuonyesha kwa aibu hiyo. Lakini mimi sikuombwa kutafsiri barua ya mkubwa. Niliombwa kutafsiri barua ya kocha, na nilitafsiri vibaya.

Nilitafsiri vibaya kwa sababu barua yenyewe iliandikwa hivyo. Katika aya tatu hapakuwa na neno "jeshi". Hapakuwa na neno "utumishi", wala namba tano. Palikuwa na muda wa mbio, uwanja, chakula, daktari wa misuli, ziara ya bure. Sisemi kocha alidanganya. Aliandika kama makocha wanavyoandika, na mzazi Mmarekani akisoma jina la chuo anajua mengine yote. Mama yangu mdogo hajui. Na siku hizi makocha wanaandikia nyumba nyingi ambamo mama hajui: Wakongo, Wasomali, Warundi, watoto wa kambi wenye mapafu mazuri. Barua ya namna hiyo ingeanza na miaka mitano, kisha ingekuja kwenye viatu.

Kitu kimoja kizuri nimekikuta nilipozisoma kanuni, na nilimweleza mama kwa furaha: kiti hakimilikiwi na timu. Katika vyuo vingi vya Marekani kocha aliyekuchukua anaweza kukuacha, na skolashipu ikaenda naye. Hapa kijana akiacha mbio anabaki kadeti. Tena akiona jeshi halimfai anaweza kuondoka kabla ya kuanza mwaka wa tatu bila deni. Baada ya hapo ndipo ahadi inafunga. Ningekuwa kocha mwaminifu ningeliandika hilo kwa herufi kubwa. Ningekuwa kocha mwenye hofu ya kupoteza mkimbiaji, labda nisingeliandika.

Wiki mbili baada ya simu ile nilituma tafsiri mpya. Nilitumia vitenzi vyote viwili katika sentensi moja: kocha anataka kumsajili mtoto, na chuo kitamwandikisha. Mama akaisikiliza mara mbili. Niliona alama za buluu, kisha kimya cha siku nzima. Jioni akanituma tena. Alitaka niandike kwa Kiingereza maswali matatu kwa kocha, kwa jina lake yeye, si kwa jina la mtoto. La kwanza: kijana atatumikia miaka mingapi, na wapi? La pili: akiacha kukimbia kwa hiari yake, anafukuzwa? La tatu: akivunjika mguu akiwa anakimbilia timu yenu, na mguu huo ukamfanya asifae kuwa askari, mnamfanyaje?

Maswali mawili ya kwanza kocha aliyajibu siku ileile, kwa adabu na kwa ukweli. La tatu alisema si lake, amelipeleka kwa ofisi inayohusika. Mama amelibandika kwenye mlango wa friji, chini ya ratiba ya mbio, na kijana anapotoka asubuhi kwenda mazoezi analiona.